Daftari la Mchango wa Dada Yangu

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) pamoja na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu yangu msomaji, ndani ya kasha langu la vitabu, chini ya misahafu mikuukuu na vitabu vya fiqhi nilivyoachiwa na mwalimu wangu, mna daftari moja la jalada la buluu lililolika pembezoni. Si kitabu cha elimu. Ndani yake mna majina 214, na mbele ya kila jina kiasi cha pesa. Wako waliotoa maelfu, na wako waliotoa shilingi hamsini. Na katika ukurasa wa kumi na tisa liko jina langu mimi mwenyewe, lakini halikuandikwa upande wa waliotoa. Limeandikwa upande wa wanaodaiwa.

Nimekaa na daftari hilo miaka mingi bila ya kuwasimulia watu habari zake. Leo nakusimulia wewe, kwa sababu kila wiki naona nyumba za pwani yetu zikichangishana kwa ajili ya wagonjwa, na maradhi haya ya saratani hayana mtaa yasioujua. Watu wetu ni wepesi wa kutoa, Alhamdulillahi. Lakini kutoa ni nusu ya jambo. Nusu ya pili ni kuishika pesa iliyokwisha kutolewa, na hiyo ndiyo iliyonishinda mimi, niliyekuwa nikiwafundisha wenzangu.

MARADHI YALIYOFICHWA

Dada yangu alinifuata kwa kuzaliwa. Baina yetu ilikuwa miaka mitatu. Mumewe alifariki mwaka 2009 akamwachia watoto watatu, naye akawalea kwa mahamri na mbaazi. Kabla ya adhana ya Alfajiri moto wake ulikuwa umeshawaka, na watoto wa Kibokoni, hapa Mji wa Kale wa Mombasa, walikuja na mabakuli yao kabla ya kwenda chuoni. Hakuwa mtu wa kulalamika. Ukimwuliza hali, jawabu lake lilikuwa moja: twashukuru.

Katika mwezi wa Ramadhani wa mwaka 2013 alikiona kidonge kifuani mwake, kigumu, mfano wa kokwa ya tende. Hakikumuuma. Na hiyo ni hila mojawapo ya maradhi haya, kwamba mara nyingi mwanzo wake hauna maumivu, basi mtu hujiambia kisichouma si ugonjwa. Alinyamaza. Baadaye aliniambia kwamba kifua chamsumbua, nami sikuuliza kinamsumbua vipi. Nilichukua sahani ya kauri, nikamwandikia kombe kwa zafarani, akanywa, nikamwombea dua, nikaenda zangu kusomesha. Kisomo ni baraka na wala sikikani hata leo. Lakini Mtume wetu (S.A.W.) alituamrisha tujitibu, akatufundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa, isipokuwa uzee. Mimi nilimpa dada yangu sehemu moja ya sunna, nikamnyima ya pili.

Ilifika Februari ya mwaka 2014 ndipo binti yake alipomwona, alipokuwa akimsaidia kuvaa siku ya harusi ya jirani. Alikuja kwangu mbio, buibui limemkaa upande, akasema, "Mjomba, mama anakufa naye hasemi."

Nilimwendea nikamwuliza kwa nini ametuficha. Akainamisha uso. "Kaka, niliona haya. Ningemwonyesha nani?"

Ndugu msomaji, haya ni tawi la imani. Lakini haya za kumzuia mwanamke asimwonyeshe daktari jeraha lake si zile alizozisifu Mtume. Wanazuoni wetu wameruhusu tangu zamani kufunua panapohitaji kutibiwa kwa kadiri ya haja, na akipatikana tabibu mwanamke basi yeye ndiye wa kutangulizwa. Waambie haya mabinti zako na mkeo na dada zako, wala usingoje waulize.

PESA NA KIBURI

Hospitalini walimkata kinyama kidogo wakakipeleka kupimwa. Jawabu likarudi: saratani ya titi. Neno lenyewe latoka Kiarabu, na maana yake ni kaa, yule mdudu wa ufukweni mwenye magando. Na yeyote aliyeuguza mtu kwa maradhi haya anajua kwa nini matabibu wa kale waliyaita hivyo.

Daktari alitueleza kwa upole. Kwanza kupasuliwa. Kisha dawa kali za kupitishwa mshipani, mara sita, kila baada ya wiki tatu. Mwisho kupigwa mionzi kwa wiki tano, na wakati ule kwa mtu asiye na mali ya kwenda hospitali za kulipia, mionzi hiyo maana yake ilikuwa ni safari ya Nairobi, hospitali ya Kenyatta. Tuliketi usiku, mimi na ndugu zangu wawili na mwanawe mkubwa, tukapiga hesabu: matibabu, nauli, chumba cha kulala Nairobi, chakula, na vipimo vya kila mara. Ikafika shilingi laki saba. Dada yangu aliuza bangili zake, sisi tukatoa tulichokuwa nacho, tukapata 160,000. Ndugu yangu mdogo akasema, "Tuwaombe watu."

Mimi nikanyamaza. Nilikuwa nimesimama mimbarini mara nyingi nikachangisha kwa ajili ya bati la msikiti, na kisima, na mayatima wa miji nisiyoijua, na ulimi wangu haukukwama hata siku moja. Usiku ule ulikufa. Nilijiambia ninachelea heshima ya dada yangu. Si kweli. Nilichelea heshima yangu, watu wasije wakasema sheikh amekuja kutembeza bakuli. Wiki tatu zikapita nikisema, "Subirini, Mungu ataleta njia," na njia alikuwa ameshaileta. Mimi ndiye niliyesimama kati yake.

Kilichonitoa pale ni hadithi niliyokuwa nikiisomesha mwenyewe, ya sahaba Qabisa, aliyemwendea Mtume (S.A.W.) kutaka msaada. Mtume alimfundisha kwamba kuomba hakuhalaliki ila kwa watu wa aina tatu: aliyejitwika dhamana ya watu, aliyepatwa na msiba ulioangamiza mali yake, na aliyeshikwa na ufukara hata watu watatu wenye akili katika jamaa zake wakashuhudia kwamba kweli ameshikwa. Tazama hekima iliyomo. Kuomba kumefungwa mlango kwa mvivu na mwongo, kukafunguliwa kwa mwenye dhiki, na ufunguo ukapewa mashahidi. Basi kuomba kwa haja ya kweli si aibu. Aibu ni kumwacha mgonjwa afe ili uso wako ubaki na nuru mbele za watu.

Nikawaendea watu watatu. Wa kwanza ni imamu wa msikiti wetu. Wa pili ni mzee aliyekuwa karani bandarini kabla ya kustaafu, mtu wa hesabu. Wa tatu ni bibi mmoja mkunga, anayeheshimiwa na wanawake wote wa mtaa. Niliwaonyesha makaratasi ya hospitali, wakayasoma, wakakubali kuwa mashahidi. Kisha nikaenda kumtaka dada yangu idhini, maana maradhi ni yake na siri ni yake.

Akafikiri sana. Akasema, "Jina langu litajeni, watu wanijue. Mahali pa maradhi msipataje."

Hivyo ndivyo tulivyofanya. Imamu alisimama baada ya sala ya Ijumaa akasema kwamba mama wa mahamri ni mgonjwa wa saratani, na makaratasi tumeyaona sisi watatu. Hakusema zaidi ya hapo, na watu hawakuuliza zaidi.

WALIOTOA

Natamani ungeyaona yale majina. Yuko hamali wa sokoni aliyeleta shilingi 500, nazo ni jasho la zaidi ya siku moja. Wako wanawake wa upatu waliokubaliana kwamba zamu ya mwezi ule apewe dada yangu, ijapokuwa hakuwa mwanachama. Yuko mama wa Kigiriama, si wa dini yetu, auzaye mchicha na kisamvu pembeni mwa alipokuwa akiuzia yeye. Alitoa 200, na kila Jumamosi akaleta fungu la mboga bila ya kulipwa. Wako jamaa zetu wa Maskati waliotuma kwa mkono wa msafiri. Wengi walituma kwa simu, na mzee karani akawa anaandika kila ujumbe unaoingia: siku, jina, kiasi.

Alikuwako pia mtu mwenye uwezo aliyetaka kutoa 100,000, ila akashurutisha zitolewe mbele ya watu, dada yangu akiwa amekaa pale apigwe picha akipokea. Tulimshukuru, tukamwambia picha haitawezekana. Katika Sura ya Baqara, aya ya 271, tumefunzwa kwamba kuzidhihirisha sadaka ni vizuri na kuwapa mafakiri kwa siri ni bora zaidi. Basi atakaye kutoa wazi ili wengine waige hana lawama, lakini uso wa mgonjwa si bei ya sadaka. Yule bwana alikasirika akaondoka. Baada ya siku nne alizituma zote kwa mtoto, ndani ya bahasha isiyo na jina. Mwenyezi Mungu amkubalie.

Ilipokaribia Ramadhani watu wakaanza kuuliza: je, yafaa kumpa zaka? Jawabu ni kwamba yafaa, ikiwa mgonjwa ni fakiri au maskini, kwa kuwa hao wametajwa wa mwanzo katika watu wanane wa aya ya zaka. Wala udugu haumzuii: katika madhehebu yetu ya Shafii, ndugu asiyekuwa juu yako kumlisha kwa wajibu unaweza kumpa zaka yako, nawe ukapata malipo mawili, ya sadaka na ya kuunga udugu. Lakini zaka ni lazima imilikiwe na mwenye haki. Kwa hiyo zile za zaka, zilizofika 130,000, hatukuzichanganya na nyingine. Tulimkabidhi mkononi, akasema nimepokea, kisha yeye mwenyewe akatupa tumwekee. Sadaka nyingine, zilizotolewa kwa ajili ya matibabu, zilifika mwishowe 520,000. Jambo hili la kutenganisha liweke moyoni, maana huko mbele litarudi.

UKURASA WA KUMI NA TISA

Nije sasa kwenye jina langu.

Dada yangu alipasuliwa Aprili, na dawa za mshipani zikaanza Mei. Pesa zilikaa chumbani kwangu, ndani ya mkoba wa ngozi, kwa sababu watu walisema hakuna mahali pa amani kuliko kwa sheikh. Siku moja ya mwezi wa Shaabani mwanangu wa mwisho alirudishwa kutoka shuleni kwa karo. Shilingi 15,000, kabla ya Ijumaa. Ada za chuo changu zilikuwa hazijaingia. Nikaufungua mkoba, nikahesabu elfu kumi na tano, nikasema kwa ulimi wangu, peke yangu chumbani, "Naazima. Mwezi ujao narudisha." Wala sikumwambia karani aandike.

Ndugu yangu, shetani hakunijia na kuiba. Angenijia na kuiba ningemjua. Alinijia na kuazima.

Zilikuwa zimebaki siku kumi kabla ya dawa ya mara ya tatu. Nilitegemea ahadi za watu, na ahadi zikachelewa. Usiku wa kuamkia siku ya hospitali nikazihesabu pesa mara nne, na kila mara zikapungua zile zile elfu kumi na tano. Asubuhi nikamwambia dada yangu kwamba hatutakwenda leo.

"Pesa zimekwisha, Kaka?"

"Zimechelewa," nikasema. Nalo lilikuwa ni neno la kweli lililobeba uongo ndani yake.

Alikaa siku nane akingoja. Sufuria alikuwa hawezi tena kuinua, lakini alikuja barazani akakaa na tasbihi yake, na kila nilipopita alinitazama bila ya kuuliza. Katika siku hizo ilinifikia zamu ya kuwasomesha wanafunzi wangu habari za vita vya Khaibar, mwaka wa saba wa Hijra. Mtu mmoja alipigwa mshale akafa, na watu wakampongeza kwamba amepata Pepo. Mtume (S.A.W.) akakanusha, akawaambia kwamba shuka aliyoichukua katika ngawira kabla ya kugawanywa inamwakia moto. Kusikia hivyo, mtu mwingine akakimbia akaleta ukanda wa kiatu aliokuwa ameuchukua. Nilikuwa nimeisomesha hadithi ile kwa miaka thelathini. Siku ile kijana mmoja akaniuliza, "Maalim, na kama yule mtu alikuwa na nia ya kuirudisha?"

Sikumjibu. Nilifunga kitabu nikaenda nyumbani kwa dada yangu, nikamwambia kila kitu.

Hakulia wala hakunigombeza. Alinyamaza mpaka nikadhani hakusikia. Kisha akasema, "Andika."

"Niandike nini?"

"Andika daftarini kama wenzako. Wao wameandikwa walichotoa, nawe uandikwe ulichochukua. Na uwaambie wale watatu."

Kuwaambia wale watatu kulikuwa kuzito kuliko kumwambia yeye. Imamu alitazama chini. Bibi mkunga alisema, "Astaghfirullah," basi. Mzee karani alivaa miwani yake, akafungua ukurasa, akaandika jina langu na kiasi na tarehe, akanipa kalamu nitie sahihi. Halafu akasema, "Sheikh, kosa si lako peke yako. Tulikupa mkoba usio na kufuli tukasema ni mcha Mungu. Hata mcha Mungu anahitaji kufuli." Kesho yake lilinunuliwa sanduku dogo la chuma lenye makufuli mawili, ufunguo mmoja akawa nao yeye, wa pili bibi mkunga. Mimi sikupewa, wala sikuomba. Jioni ile ile karani alinikopesha hizo elfu kumi na tano kutoka mfukoni mwake, dada yangu akaenda hospitali. Nilimlipa kidogo kidogo mpaka Desemba, na siku nilipomaliza dada yangu mwenyewe alichukua kalamu akaandika mbele ya jina langu: limelipwa.

Deni la pesa lilikwisha. Zile siku nane hazina wa kuzirudisha.

KILICHOBAKI

Oktoba alikwenda Nairobi. Mionzi yenyewe kila siku ni dakika chache tu, lakini mtu hana budi kuwa pale siku tano za wiki, wiki baada ya wiki. Chumba, mkate, maziwa, nauli ya kwenda na kurudi, hizo ndizo zinazomaliza mfuko, na ndizo watu wanazozisahau wanapopiga hesabu. Alirudi mwisho wa Novemba mwembamba, kichwa kimeanza kuota nywele, na wiki ile ile akaulizia kama mbaazi zimepanda bei.

Mwenyezi Mungu alimpa muda baada ya hapo. Alimwoza binti yake. Alirudi kwenye moto wake, ijapokuwa sufuria aliinuliwa na mwanawe. Sanduku lilimlipia vidonge vyake vya kila siku na vipimo. Mwanzoni mwa mwaka 2016 maradhi yakarudi, safari hii mifupani. Daktari alituambia ukweli, naye akaomba akae nyumbani. Tulimtafutia dawa ya kunywa ya kutuliza maumivu, wauguzi wakawa wanakuja kumtazama, na katika mwezi wa Rajabu akafariki, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun.

Siku ya tatu baada ya maziko karani alikuja na daftari. Tulikuwa tumetumia kwanza pesa zetu, kisha za zaka zote, kisha sadaka. Zilibaki 52,000.

Hapo nyumba ikataka kugawanyika. Mwanawe mkubwa alisema, "Mjomba, hii ni mali ya mama, basi ni mirathi yetu." Ndugu yangu akasema zifanyiwe hitima kubwa ya arubaini, ili watu waliotoa waje wale. Kila mmoja alisema kwa mapenzi, wala hakukuwa na mwizi pale. Mwizi wa zamani nilikuwa mimi, na kwa hiyo walinitazama mimi.

Niliwaeleza kama nilivyosomeshwa. Lau zingebaki katika zile za zaka, zingekuwa mirathi, kwa sababu alizimiliki. Hizi nyingine hukumu yake ni mbali. Wanazuoni wa madhehebu yetu wametoa mfano wa mtu aliyepewa pesa akaambiwa anunue kilemba: ikiwa mtoaji alimwona kichwa wazi na akakusudia hasa kichwa kile kisitirike, basi hana ruhusa kuzitumia kwa jingine. Watu wale hawakutupa pesa ili tule wala turithi. Walikusudia dawa ya mwanamke mmoja, na mwanamke yule ameshapumzika. Na Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya Nisaa, aya ya 58, turejeshe amana kwa wenyewe.

Mpwa wangu akasema, "Watu mia mbili, Mjomba? Tutaanzia wapi?"

"Ukurasa wa kwanza," karani akajibu.

Hesabu ilikuwa nyepesi: 52,000 katika 520,000 ni fungu moja katika kumi. Aliyetoa mia, anarejea kumi. Kwa muda wa miezi miwili, mimi na mpwa wangu tulipita mlango kwa mlango baada ya sala ya Alasiri, na walio mbali tukawapigia simu. Tuliwaambia neno moja: "Mgonjwa wenu amefariki, fungu lenu lililobaki ni hili, mwalichukua au mwatupa idhini tumpe mgonjwa mwingine?" Wengi wao walitupa idhini. Wapo waliolia. Waliokuwa wamekufa tuliwauliza warithi wao. Wachache waliotuma bila ya jina tulizitia fungu lao katika matibabu ya mgonjwa mwingine, kwa kuwa hilo ndilo lililokuwa karibu na nia yao.

Hamali wa sokoni alilichukua lake. Shilingi hamsini. Mpwa wangu alinitazama kana kwamba aseme, hata hamsini? Yule hamali akanunua kikombe cha kahawa na mkate wa mofa, akakaa juu ya gunia, akasema bismillahi mbele yetu, akala. Ilikuwa ni haki yake, naye aliila kwa raha, na mimi nikajisikia mwepesi kifuani kwa mara ya kwanza tangu Shaabani ile.

Na sasa sikia jambo la ajabu. Baada ya mwaka mmoja mtoto wa mtaa wetu alipatikana na saratani ya damu. Wale watatu walisimama tena, na katika wiki mbili zilipatikana pesa ambazo kwa dada yangu zilichukua miezi sita. Mwenye duka mmoja aliniambia, "Sheikh, ninyi mlinirudishia shilingi mia tatu. Mtu wa namna hiyo simhesabii."

NASAHA

Mambo yamebadilika tangu siku hizo. Vituo vya saratani vimefunguliwa nje ya Nairobi, na Mombasa ni mahali pamoja. Bima ya zamani ya NHIF iliondoka, na tangu Oktoba 2024 mahali pake pana SHA, ambayo hulipia matibabu ya saratani hadi kiwango maalumu. Daftari nalo limekuwa ni kundi la simu. Lakini amana haikubadilika. Basi nakuusia haya, ewe ndugu yangu.

Kwanza, maradhi yasifichwe. Kidonge kisichouma ndicho cha kukimbilia.

Pili, kabla ya kuomba, jiandikishe katika bima na uulize inalipa nini, ili watu uwaombe kilichopungua.

Tatu, mtake mgonjwa idhini, na usitiri alichotaka kisitiriwe. Picha ya mwanamke kitandani, ameondolewa mtandio, ikizunguka katika simu za watu elfu, si mchango huo. Karatasi la daktari mikononi mwa mashahidi watatu linatosha.

Nne, pesa zisikae kwa mtu mmoja, awe sheikh, awe haji, awe mama mzazi. Wawe wawili au watatu, na kila kinachoingia na kutoka kiandikwe. Ikiwa aya ndefu kuliko zote katika Kurani imekuja kutufunza kuandika deni, mchango wa mgonjwa una haki zaidi.

Tano, zaka na sadaka zitenganishwe tangu siku ya kwanza, na mwanzoni kabisa waulizwe watoaji: kikibaki, kifanywe nini? Swali hilo lingetuondolea miezi miwili ya kuzunguka, ijapokuwa mimi nilizihitaji hatua zile.

Sita, ukiona mkono wako unataka kuazima katika amana, mwite mtu wa pili aje asimame hapo. Nia njema ya chumbani haina shahidi.

Karani amekwisha kutangulia mbele ya haki, na bibi mkunga pia. Daftari ninalo mimi. Mara nyingine, wanafunzi wanapoondoka, hulifungua ukurasa wa kumi na tisa nikatazama neno lile moja lililoandikwa kwa mkono wa dada yangu, mwandiko wa mtu aliyesoma chuoni mpaka juzuu ya kumi tu, herufi zimelala upande. Kisha huiombea roho yake, na huomba na mimi nisikutane na Mola wangu nikiwa na shilingi ya mtu.

Ewe Mwenyezi Mungu, waponye wagonjwa wetu, warehemu waliotangulia, wabariki wanaotoa kwa dhahiri na kwa siri, na utusaidie sisi tunaoshika tuwe ni wenye kurejesha. Amin.

Wabillahi tawfiq.